Ufundi wa Kukaa na Wawili

Mke na mume wanapoingia kwa mshauri wa ndoa, kazi huanza kabla neno halijasemwa. Mshauri hodari hutazama nani amechagua kiti, nani amengoja mwenzake aketi kwanza, na nani, alipoulizwa jina lake tu, ameutazama uso wa mwenzake kabla ya kujibu. Asiyeijua kazi hii ataona watu wawili wenye haya. Mwenye ufundi huona jinsi wawili hao wanavyoishi: nani huamua, nani hukisia, nani hujibana ili mwingine apate nafasi.

Ufundi huo naustahi kuliko kazi nyingi zenye sifa kubwa, na Durban ni mahali pazuri pa kuutazamia. Katika mji huo wa bandari, washauri wa FAMSA, shirika la familia na ndoa la Afrika Kusini, huwapokea watu wenye ndoa zilizochoka. Watafiti wa huko wamefanya kazi ya miaka mingi juu ya mapenzi, nguvu na ukatili katika jimbo zima la KwaZulu-Natal. Na katika mitaa kama Albert Park na Point wanaishi watu wanaozungumza Kiswahili nyumbani, kutoka Kivu, Burundi na pwani yetu ya Afrika Mashariki, ambao ndoa zao zimevuka mipaka pamoja nao.

Tuwachukue mume na mke wa mfano, maana walio wa kweli siri zao ni zao. Baba Furaha alikuwa mwalimu wa sekondari Uvira, Kongo. Durban analinda magari yaliyoegeshwa karibu na ufukwe, na riziki yake ni sarafu anazopewa na madereva. Mfano huu haukutoka hewani: Baruti Amisi, katika utafiti wake wa 2006 juu ya maisha ya wakimbizi wa Kongo mjini Durban, alieleza jinsi kazi hiyo ilivyokuwa tegemeo la Wakongomani wengi, wakiwemo waliosoma. Mama Furaha anasuka nywele mjini, na siku hizi kodi ya chumba anailipa yeye. Wanagombana juu ya pesa anazotuma mke kwa mama yake. Mume anasema, "Hakuniuliza." Mke anasema, "Ningemwuliza angekataa."

Jambo la kwanza analofanya mshauri aliyefunzwa vizuri ni kuwatenganisha kwa muda. Humwita kila mmoja peke yake na kuuliza maswali mepesi kwa sura: Ukimwambia mwenzako hapana, nini hufuata? Kuna jambo ambalo huwezi kulisema mbele yake? Umewahi kumwogopa? Majibu yakionyesha kipigo, vitisho au hofu iliyoota mizizi, mshauri hawaketishi pamoja. Mke aliyesema ukweli saa tisa mbele ya mshauri anaweza kuulipia saa mbili usiku nyumbani. Hapo kazi hubadilika na kuwa ya usalama, na Afrika Kusini ina Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya 1998, inayomwezesha mtu kuomba kwa hakimu amri ya kumlinda. Naiweka hatua hii mbele ya nyingine zote kwa makusudi. Kujua ni lini usiwapatanishe watu ni sehemu ya ufundi wa kupatanisha, tena ndiyo sehemu inayosahauliwa zaidi na wapatanishi wenye nia njema.

Tuseme kwa Baba na Mama Furaha hakuna kipigo wala hofu ya aina hiyo. Wanarudi kuketi pamoja. Kama mshauri haelewi Kiswahili, anamtafuta mkalimani mtu mzima asiye ndugu yao. Hamwiti Furaha, hata kama binti huyo anakijua Kiingereza kuliko wazazi wake wote wawili. Mtoto akitafsiri ugomvi wa baba na mama, ataficha neno hapa na kulipamba neno pale ili nyumba isivunjike, na mzigo huo si wake.

Sasa inakuja sehemu ngumu. Mafunzo ya zamani ya ushauri yalimwambia mshauri akae katikati kabisa. Familia ilielezwa kama mzunguko: huyu anafanya hivi kwa sababu yule amefanya vile, na wote wawili wanauendesha. Mke analalamika kwa kuwa mume amenyamaza, mume ananyamaza kwa kuwa mke analalamika. Mwaka 1978 mwanasaikolojia wa Marekani Rachel Hare-Mustin alichapisha makala iliyohoji utaratibu huo, na mwaka 1985 Virginia Goldner akaendeleza hoja hiyo kwa nguvu. Walichouliza kilikuwa wazi: mzunguko unaweza kuwa wa haki vipi, ikiwa mmoja wa wanaouzunguka ana pesa, ana jina, ana sheria na ana ukoo nyuma yake, na mwingine hana? Mshauri anayewagawia lawama sawasawa watu wasio na nguvu sawa amekwisha kuchagua upande, hata kama mwenyewe hajijui.

Mabaharia wetu wanalifahamu jambo hili. Chombo kinapolazwa na upepo, baharia mwenye akili haketi katikati na kujisifu kwamba hana upendeleo. Huhamia joshini, akauweka uzito wake upande ulioinuka, mpaka chombo kisimame na wote wavuke salama. Anafanya hivyo kwa ajili ya chombo kizima, bila chuki na upande wa pili.

Waliolifanya wazo hilo kuwa kazi ya kila siku ni wengi, na miongoni mwao ni Carmen Knudson-Martin na Douglas Huenergardt, waliochapisha mwaka 2010 mbinu waliyoijenga wakiwa Chuo Kikuu cha Loma Linda, California. Wanaupima uhusiano kwa mambo manne, nami nayaeleza kwa maswali. Je, kila mmoja anaweza kuyabadilisha mawazo ya mwenzake? Je, kila mmoja anaweza kuonyesha mahali panapomuuma bila kudharauliwa? Je, kazi ya kuutunza uhusiano inabebwa na wote? Je, kila mmoja anajishughulisha kujua mwenzake anahisi nini? Majibu yakiegemea upande mmoja, mshauri hamwongezei mnyonge masomo ya kuongea vizuri. Anaanza na mwenye nguvu, na kumwomba awe wa kwanza kumsogelea mwenzake.

Tazama inavyofanyika. Mama Furaha amesema anaficha pesa kwa sababu anaogopa maneno. Baba Furaha anarukia: "Mimi sijawahi kumkataza." Mshauri asiye na uzoefu angebishana naye, au angemgeukia mke na kumwambia atoe mifano. Aliyekomaa anaendelea kumtazama Baba Furaha na kusema polepole, "Baba, sikuulizi kama ulimkataza. Nauliza, alipokuwa anasema anaogopa, uliona nini usoni mwake?" Kisha ananyamaza, na kuuacha ukimya udumu kuliko adabu ya kawaida inavyoruhusu. Baba Furaha anahangaika kitini. Huenda ni mara ya kwanza kwa muda mrefu anaombwa kumtazama mkewe ili amjue, badala ya kumtazama ili amjibu. Pengine atasema, "Niliona amechoka." Neno dogo. Lakini limetoka kwake, bila kulazimishwa, na mke amelisikia. Mshauri halikimbilii lingine. Anamuuliza mke, "Mama, umesikia alivyosema?" na kumpa nafasi ya kuamini au kutoamini.

Ninachokistahi hapo ni heshima iliyomo ndani ya ukali. Mwanamume aliyeaibishwa mbele ya mkewe hatarudi wiki ijayo, na akirudi atakuwa amevaa ngao. Kwa hiyo mshauri anamwita Baba na kumwamkia kwa adabu anayostahili, kisha anamdai kitu ambacho pengine hakuna aliyewahi kumdai. Pengine mshauri huyo ni mwanamke kijana aliyelelewa kwa mila ya Kizulu ya hlonipha, inayomtaka mke achunge hata matamshi yake kwa heshima ya ukwe. Anajua mwilini mwake gharama ya kumwuliza mtu mzima swali la namna hiyo. Anauliza hata hivyo, kwa sauti ya chini, na hakwepeshi macho.

Kuna jambo jingine analoliona, na hapa ndipo hekima inapopita ujuzi. Baba Furaha ana nguvu nyumbani, lakini nje hana. Barabarani anaitwa kwa mluzi. Kibali chake cha ukimbizi kina tarehe ya kwisha. Cheti chake cha ualimu kiko ndani ya begi chini ya kitanda. Mshauri dhaifu ataona nusu moja tu. Akiona unyonge wa mume peke yake, atamwambia mke amvumilie. Akiona mabavu yake peke yake, atamhutubia mume kana kwamba anatoka kwenye kiti cha enzi. Aliye hodari huzishika nusu zote mbili: "Baba, uliyoyapoteza ni mengi, na ni haki yako kuyalilia. Lakini mbona Mama Furaha ndiye analipishwa?" Machungu ya mtu yanaeleza alikotoka. Hayampi haki ya kuamua peke yake pesa ya mkewe iende wapi.

Baba Furaha anaweza kujibu kwa neno moja: mila. Washauri wa KwaZulu-Natal wana bahati na neno hilo, kwa sababu historia ya jimbo lao imeandikwa na inasomeka. Mahari ya ng'ombe kumi kwa mtu wa kawaida ni kiwango kilichowekwa mwaka 1869 chini ya utawala wa kikoloni wa Natal, wakati wa afisa wa kikoloni Theophilus Shepstone. Kanuni ya Natal ya 1891 iliandika kwamba mkuu wa kaya ndiye mwenye mali yote ya nyumba, na ikamhesabu mwanamke kuwa chini ya uangalizi kama mtoto asiyekua. Kauli hiyo ya mali ilidumu katika sheria za jimbo mpaka kesi ya Bi Gumede. Mwanamke huyo, aliyeolewa kimila mwaka 1968 na ambaye kwa takriban miaka 40 alitunza nyumba na kulea watoto, alijikuta hana chake mume alipotaka talaka. Tarehe 8 Desemba 2008, katika hukumu iliyoandikwa na Naibu Jaji Mkuu Dikgang Moseneke, Mahakama ya Katiba ilivifuta vifungu hivyo kwa kuwa vinakiuka usawa na utu wa mwanamke. Baba Furaha hakutoka Natal, lakini mshauri anayeijua historia hii hahitaji kuidharau mila ya mtu yeyote. Anaweza kuuliza kwa upole, "Ipi, Baba? Ya babu yako, au ya karani wa serikali?" Na mara nyingi mume mwenyewe ataanza kusimulia jinsi bibi yake alivyoshika funguo za ghala na neno lake likafuatwa na ukoo mzima.

Je, kazi hii inazaa matunda? Nalijibu swali hili kwa uangalifu, kwa kuwa anayeipenda kazi hii anadaiwa ukweli wake. Huko Vulindlela, bara ya Durban karibu na Pietermaritzburg, mradi wa Uthando Lwethu, yaani mapenzi yetu, ulishughulika na wapenzi 332 wawili wawili. Waliopata huduma kamili walipitia vikao vya makundi, kisha vikao vinne vya ushauri wa wawili, wakijifunza kuzungumza na kusikilizana. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba asilimia 42 yao walikwenda kupima VVU pamoja, dhidi ya asilimia 12 ya wale wa kulinganishwa. Kupima pamoja si jambo dogo. Ni kukubali kwamba habari itakayotoka haitakuwa silaha mkononi mwa mmoja.

Mradi mwingine asili yake ni kwetu. Stepping Stones, wenye mafunzo juu ya mahusiano, ulianzia Uganda, mikononi mwa Alice Welbourn na wanakijiji aliofanya nao kazi, na mwongozo wake ukachapishwa mwaka 1995. Afrika Kusini iliupokea na kuubadili. Katika mitaa ya mabanda ya Durban uliunganishwa na mafunzo ya kutafuta riziki, kwa ushirikiano wa shirika la Project Empower, Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal na Baraza la Utafiti wa Tiba. Vijana wa miaka 18 hadi 30 walikutana katika vikao 21, wanawake kwao na wanaume kwao. Utafiti uliwafuatilia wanawake na wanaume hao kwa miaka miwili. Wanaume walisema wamepunguza ukatili. Wanawake walipata kipato zaidi, lakini ukatili waliosema wanafanyiwa haukupungua kwa namna ya kuonekana.

Nimeyatafakari sana matokeo hayo. Wanaume na wanawake hao hawakuchaguliwa kama wapenzi wa jozi, kwa hiyo hatuwezi kusema wanaume walidanganya. Lakini yanamkumbusha kila mshauri jambo zito: taarifa ya mwenye nguvu kwamba amebadilika ni nusu ya ushahidi. Nusu ya pili iko kwa yule anayeishi naye. Rwanda, mpango wa Indashyikirwa uliwaketisha mke na mume pamoja, nao kwa vikao 21, na utafiti wake wa jozi 1,680, uliochapishwa mwaka 2020, ulikuta wanawake na wanaume wote wakieleza kwamba ukatili umepungua. Sauti mbili, habari moja. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini.

Ndiyo maana mshauri mzuri wa Durban hamwulizi Baba Furaha kama sasa anasikiliza. Anamuuliza Mama Furaha kama anasikilizwa. Na anajua kwamba dalili ya kwanza ya mafanikio yaweza kufanana na kushindwa. Wiki chache baada ya kuanza, wawili hawa wanaweza kuja wakisema wanabishana kuliko zamani. Ndugu watasema ushauri umewaharibu. Mshauri anauliza wanabishana juu ya nini, na nani alianza. Mama Furaha anaeleza kwamba alisema waziwazi, kabla ya kutuma, kwamba mwezi huu mama yake anahitaji dawa. Mume alikasirika, wakabishana, kisha wakakubaliana kiasi. Awali nyumba ilikuwa tulivu kwa sababu mmoja alikuwa anameza. Sasa kuna kelele kwa sababu wote wawili wamo ndani ya mazungumzo. Mshauri anayeitofautisha amani ya kumeza na amani ya kukubaliana ameuelewa ufundi wake.

Kazi ya nyumbani anayowapa ni ndogo, na imefikiriwa. Wiki hii Baba Furaha ndiye atakayeyaanzisha mazungumzo magumu, badala ya kungoja mkewe aanze kisha amlaumu kwa kuanza. Ndiye atakayeuliza, "Nyumbani kwenu kuna haja gani mwezi huu?" Wengi hudhani usawa ni hasara kwa mume, kana kwamba nguvu ni ugali wa sahani moja. Utafiti haukubaliani nao. John Gottman na wenzake, waliofuatilia wanandoa wapya Marekani na kuchapisha mwaka 1998, waliona kwamba mume anayekataa kuathiriwa na mkewe yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuipoteza ndoa yenyewe. Baba Furaha anapojifunza kubadilishwa na mkewe, anapata mtu wa kumwambia habari ya ule mluzi wa barabarani. Mwanzoni hakuwa naye. Mfalme hana wa kumlilia.

Afrika Mashariki tuna wapatanishi wengi, na sisemi kwamba hawana thamani. Tuna wazee wa ukoo, washenga, makungwi, masheikh na wachungaji. Tanzania ina mabaraza ya usuluhishi wa ndoa, ambayo Sheria ya Ndoa ya 1971 kwa kawaida humtaka mtu apitie kabla ya kuomba talaka. Wengi wa wapatanishi hawa wana busara ambayo hakuna chuo kinachoifundisha. Lakini tumewaachia kosa moja lidumu: kumshauri mwenye nguvu kidogo avumilie zaidi, kwa kuwa yeye ndiye rahisi kushauriwa. Mvumilivu hula mbivu, tunamwambia mke, na mume tunamwambia apunguze hasira. Kisha tunaandika kwamba shauri limekwisha.

Ufundi wa Durban unaweza kusomwa na wapatanishi hao bila jengo jipya wala kifaa cha kununua. Wamsikilize kila mmoja faragha kabla ya kuwaketisha pamoja. Wasiwaketishe pamoja palipo na hofu. Maswali magumu wayaanzie kwa mwenye nguvu, kwa heshima, mbele ya mwenzake. Wasiipokee mila bila kuuliza umri wake. Na shauri likifika mwisho, wamuulize aliyekuwa mnyonge kama limekwisha, naye akisema bado, wakae tena.